Ndoo Moja Iliyosikika Kama Mbili

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla siku hazijaniishia, na naomba usinicheke, maana najua watu wanakuandikia kuhusu ndoa zilizovunjika na watoto waliokata mguu nyumbani, na mimi nakuandikia kuhusu mikwaruzo kwenye rangi ya gari, lakini ukinisoma hadi mwisho utaona kwamba hata sijui nianze kutubu wapi.

Mume wangu alikuwa fundi rangi wa magari kwa miaka thelathini na moja, kwenye gereji ileile moja, na pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake, walimwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake ungeweza kusimama mbele ya mlango ukachana nywele. Kisha macho yake yakashikwa na presha, ile inayokula pembeni kwanza ikisogea katikati, na yeye akanyamaza nayo muda mrefu, kwa sababu fundi rangi akisema haoni ni sawa na mpishi aseme hana ulimi, na tulipofika kwa daktari alikuwa amebakiwa na sehemu ndogo tu ya kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Ni katika mwaka huo wa tundu la kitasa ndipo alipopiga rangi gari letu, gari la zamani alilolinyoosha bodi mwenyewe, kipande kwa kipande, na akachagua nyeusi. Nilimwambia, "Baba watoto, si wewe mwenyewe unasema nyeusi haina huruma? Piga ya fedha basi, au nyeupe." Akaniambia, "Nyeupe atapiga yeyote. Hii ndiyo ya mwisho." Alipiga koti la mwisho la rangi akiwa amelaza kichwa ubavuni, shavu karibu liguse boneti, ili tundu lake lile lipate mwanga, na alipomaliza alikaa chini sakafuni akanitaka nimwambie naona nini, nikamwambia najiona hadi kope, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Mwanzo alikuwa akiliosha mwenyewe hata baada ya macho kufunga kabisa. Siku moja akakanyaga ndani ya ndoo akaanguka, akateguka kifundo cha mkono, nami nikapiga kelele kama mwendawazimu, nikamwambia kuanzia leo kazi hii ni yangu, wewe kaa kwenye kiti utoe amri. Akakaa. Akawa anatoa amri kweli. "Mwagia maji kwanza, vumbi liondoke lenyewe. Ndoo mbili, mama watoto, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Anzia juu. Usizungushe mkono, hukandi unga hapo." Na mimi nikamtii mwezi wa kwanza na wa pili. Lakini bomba letu halitoi maji kila siku, ninayachota kwenye tangi la nyuma, na mgongo wangu si wa kuchezea, kwa hiyo nikaanza kutumia ndoo moja, na kwa kuwa yeye yuko pale kwenye kiti ametega sikio, mshauri, naona haya kuandika, nikawa natumbukiza mkono kwenye ndoo ileile mara mbili, chubwi, halafu chubwi, ili asikie mbili.

Hilo halikutosha. Kila asubuhi akimaliza chai hutoka nje, hushika ukuta hadi kwenye banda, halafu hupitisha kiganja juu ya gari taratibu, kuanzia taa ya mbele hadi buti, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Siku moja niliona kiganja kimetoka na vumbi, akakifuta kwenye suruali akaendelea. Moyo uliniuma. Nikasema hapana, mume wangu hatashika vumbi tena, na tangu siku hiyo, kabla hajamaliza chai, mimi huwahi bandani na kipande cha taulo kuukuu nikalifuta lote likiwa kavu, haraka haraka, nikizungusha mkono, kila siku iendayo kwa Mungu, kwa karibu miaka miwili sasa. Taulo likianguka chini nalikung'uta naendelea.

Na kila nikimaliza kuosha aliuliza, "Linang'aa?" Namwambia, "Kama kioo." Siku moja akaongeza, "Unaona nini ndani yake?" Nikatazama. Mshauri, palikuwa na ukungu tu, na michirizi ya sabuni iliyokauka, na matone meupe ya maji yetu yale ya chumvi. Nikamwambia, "Natuona mimi na wewe tumesimama." Akatabasamu. Kama miezi sita sasa hakai tena kwenye kiti nikiosha, anasema jua linamuuma kichwa, anasubiri ndani, ila ile safari yake ya asubuhi ya kiganja hajaiacha.

Ukweli wenyewe niliambiwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ni dereva na ndiye hutuendesha. Alilitoa bandani mchana wa jua kali, akashuka, akaliangalia, akaniita pembeni. "Shemeji, hii gari unaiosha na mchanga?" Nikamwambia aache utani. "Utani gani? Njoo usimame hapa." Nikasimama alipoelekeza, na pale jua lilipopiga kwenye boneti nikaona utando wa buibui, duara ndani ya duara, maelfu, kila mahali mkono wangu ulipopita. Nyeusi ile imekuwa ya kijivu.

Ningeweza kuendelea kuficha, Mungu anisamehe, lakini wiki iliyopita msimamizi wa ile gereji alipiga simu. Wanafungua chumba kipya cha kupigia rangi, na wanataka Kioo aende na lile gari lake jeusi, alisimamishe katikati ya ua, awaonyeshe mafundi wapya kazi ya mkono ilivyokuwa. Ni Jumamosi ya wiki tatu zijazo. Mume wangu sijawahi kumwona hivyo tangu augue. Ametoa koti lake la kazi, ameniambia nilipige pasi, anatembea ndani akijisemea atakayowaambia. Watakuwepo wenzake wote wa zamani, watu wenye macho ya kuona unywele kwenye rangi kutoka ng'ambo ya barabara. Watamwambia nini? Au hawatamwambia kitu, watatazamana juu ya kichwa chake, jambo ambalo naliona baya zaidi.

Shemeji ana dawa yake. Jumatano ya wiki ijayo mume wangu ana miadi ya kliniki ya macho, atakuwa huko kuanzia asubuhi hadi saa tisa, na shemeji ana rafiki mwenye mashine ya polishi, anasema watalisugua lirudi jipya kabla mgonjwa hajarudi. Nikamuuliza, "Na yeye?" Akaniambia, "Shemeji, kwani ataona?"

Nifanye hivyo, mshauri? Au nimwambie? Nikimwambia nimemvunja wiki tatu kabla ya siku yake. Nisipomwambia nalipeleka uongo wangu katikati ya ua. Nakuomba pia unieleze niliharibu wapi hasa na gari huoshwaje, maana hata hilo sasa sina mtu wa kumuuliza, niliyenaye ndiye niliyemdanganya. Mimi ndiye ninayemsomea gazeti kila siku, kwa hiyo ukinijibu nitauruka ukurasa wako.

Mimi, mke wa fundi

*

Dada yangu,

Sikucheka. Atakayecheka kuna kurasa za michezo, ahamie huko. Na kwa wale watakaoniandikia wiki ijayo kwamba nafasi hii ni ya matatizo makubwa na nyie mnajadili sabuni, nawajibu mapema: mwanamke huyu amemwambia mumewe uongo kila wiki kwa miaka miwili, na uongo huo unakaribia kusimamishwa mchana kweupe mbele ya watu waliomheshimu. Kama hilo kwenu ni dogo, niambieni kubwa lina urefu gani. Jina la utani la mumeo, kwa taarifa yako, nimelibadilisha. Ulilotuma ni jingine.

Sasa wewe. Najua ulichoka. Najua tangi liko nyuma ya nyumba na mgongo ni mmoja. Ungemwambia, "Mume wangu, ndoo mbili zimenishinda," angetafuta njia nyingine, maana ni fundi, na fundi kazi yake ni kutafuta njia nyingine. Hukumwambia. Ulikaa ukatunga sauti. Chubwi, halafu chubwi! Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Mwenzako amebakiwa na masikio na viganja viwili vya kuijua dunia, na wewe ukaingiza mkono kwenye masikio yake ukayafunga pia. Macho yalichukuliwa na ugonjwa. Masikio umeyachukua wewe, kwa mapenzi.

Ndiyo, kwa mapenzi, na hapo ndipo ninapokasirika. Mtu katili huwa namwelewa, ananitazama usoni akinipiga. Huruma hii ya kudanganya siielewi, na naiona kila mahali. Daktari anamwuliza mke, "Analala vizuri?" wakati mgonjwa yuko pale pale, ana mdomo, ana meno. Karani anamwuliza mjukuu, "Bibi anataka nini?" na bibi amekaa mbele yake na karatasi zake mkononi. Tunamwondolea mtu habari zake mwenyewe, tunampa tabasamu badala yake, halafu tunajisifu kwamba tumemtunza. Mumeo alikuuliza unaona nini kwenye rangi. Swali lile lilikuwa la kikazi! Bwana yule alikuwa anakagua kazi yake kwa macho yako, kwa kuwa yake hayapo, na wewe ukamjibu kama unambembeleza mtoto apate kulala.

Shemeji yako simwachi. "Kwani ataona?" Ni ndugu yake wa tumbo moja, na hilo ndilo aliloweza kulisema. Mwambie kutoka kwangu kwamba mlango wa nyumba hauachwi wazi kwa kuwa mwenye nyumba amelala.

Nilichukua barua yako nikaenda nayo kwa fundi rangi, mwanamke wa makamo anayefanya kazi kwenye kibanda cha mabati, ana vumbi la msasa hadi kwenye nyusi. Nilimsomea yanayohusu kazi tu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa, hakusimama.

"Ndoo moja?" aliuliza.

"Moja."

"Na mkono ndani mara mbili?"

"Mara mbili."

Hapo akaweka msasa chini. "Huyo bwana ni kipofu, sawa. Nani kasema ni kiziwi? Mimi kompresa ya upepo ikipungua pumzi najua nikiwa chooni. Ndoo ya sabuni ina povu, mkono ukiingia unasikika mzito. Ndoo ya maji matupu inasikika nyepesi. Fundi wa miaka thelathini asijue?"

"Kwa hiyo anajua?"

"Mimi nimemwona wapi? Niambie habari za lile taulo kavu."

Nikamwambia. Akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Huyo mama amelipiga msasa gari la mumewe kila asubuhi. Vumbi ni mchanga, mzee. Mchanga mdogo tu. Hata kiganja kikipita juu ya vumbi kinakwaruza. Na hilo fundi rangi analijua kuliko anavyojua umri wake."

Kaa kitako hapo, dada. Mumeo anajua kwamba kiganja juu ya rangi yenye vumbi kinaacha alama. Alijua siku ile ulipoona amejifuta kwenye suruali, alijua kabla yake, na bado kila asubuhi alitoka akapitisha mkono kuanzia taa hadi buti. Maana yake ni kwamba wewe umekuwa ukilinda mng'ao kana kwamba ndio uhai wa mtu huyu, wakati mwenyewe alikwisha kukubali mng'ao upungue ili apate kuligusa. Kuhusu ndoo, na kile kiti alichokiacha miezi sita iliyopita, sitakuambia kwamba anajua. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu mmeishi nyumba moja miaka miwili mkiwa mnafichana. Yawezekana jua linamuuma kichwa kweli. Yawezekana amechoka kusikiliza.

Nije kwenye mashine. Jibu ni hapana, na hapana hii haina mlango wa nyuma. Mikwaruzo uliyoiona ni mifereji midogo mno iliyochimbwa kwenye koti la juu. Imekwenda kila upande, ila jua huichagua ile inayolizunguka, ndiyo maana ukaona duara. Mashine haijazi mifereji hiyo. Inapunguza rangi yote iliyoizunguka hadi usawa wa chini ya mfereji. Yaani ili kuficha alama za mkono wako, rafiki wa shemeji ataondoa sehemu ya koti lile ambalo mumeo alilipiga akiwa amelaza shavu kwenye boneti. Mtu mmoja tu anajua koti hilo lina unene gani, wapi alilipiga mara tatu na wapi, kwa kutoona vizuri, lilipita jepesi. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti mashine ikizidi sekunde chache inafika chini, na hapo hapana dawa ila kupiga upya. Fundi wangu wa kibanda cha mabati alisema, "Mimi nisingeshika bila mwenyewe kuniambia." Na huyo ni mtu asiyekuwa hata ndugu.

Ulitaka kujua gari huoshwaje, na hili nitalijibu sawasawa, maana kosa lako la mkono lina tiba kuliko lile la mdomo. Lioshe kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Jua likikausha sabuni juu ya rangi ndipo inapozaliwa ile michirizi. Mwagia maji mengi kwanza bila kugusa, mchanga uanguke wenyewe. Sabuni iwe ya magari, hii ya kuoshea vyombo inakwangua na nta inayolinda rangi. Kama unatumia sponji bapa, litupe, linabana mchanga na kuuburuta. Tafuta glavu ya manyoya marefu, ambayo mchanga hujificha ndani yake badala ya kubaki juu. Ndoo ya pili ni kwa ajili hiyo: glavu ikitoka kwenye gari inaingia kwanza kwenye maji matupu, inautema uchafu, ndipo inarudi kwenye sabuni. Ndoo moja maana yake unachota uchafu wa mlango unaupaka kwenye boneti. Anzia paa, malizia chini kwa magurudumu, na hapo chini tumia kitambaa kingine kabisa. Mkono uende mbele na nyuma kwa mstari, bila kukandamiza. Osha kipande, suuza kipande, usingoje kikauke.

Kukausha je? Tandaza taulo nene laini juu ya bodi, liache linywe maji, livute taratibu. Likijaa, badili. Likianguka chini limekwisha kazi kwa siku hiyo, hata ulikung'ute hadi kesho. Taulo za gari zifuliwe peke yake, bila ile dawa ya kulainishia nguo, kwa kuwa hiyo nayo huacha ukungu. Kwa sababu maji yenu ni ya chumvi, kinga maji ya mvua kwenye pipa lenye kifuniko, uyatumie kusuuzia mara ya mwisho, na yale matone meupe yatakoma. Nta ipakwe nyembamba, iondolewe yote. Na lile taulo kuukuu la asubuhi, dada, lifanye dekio leo hii. Vumbi likikaa kwenye gari liache likae hadi siku ya maji. Mwenyewe akitaka kuligusa, mpe ndoo anawe, umwagie ule upande maji, apitishe kiganja kikiwa kimelowa.

Utaniambia, "Mgongo wangu, tangi, ndoo mbili." Vizuri sana, umefika mahali nilipokuwa nakusubiri. Nani aliamua kwamba kazi hii ni yako? Mumeo alikanyaga ndoo mara moja. Mara moja! Ni watu wangapi wenye macho mawili mazima wameshakanyaga ndoo? Wewe ukapiga kelele, ukampokonya kitambaa, ukamweka kwenye kiti, na mtu aliyekuwa anaosha akageuka kuwa mtu anayesikiliza akioshewa. Niambie, katika yote niliyoeleza hapo juu, ni lipi linalodai macho? Mchanga ukibaki chini ya glavu unasikika unasaga, na unahisiwa kwenye vidole. Rangi iliyosafishika huteleza, yenye uchafu hushika. Anajua pembe za gari lile kuliko anavyozijua pembe za kitanda chenu. Alichohitaji siku ile ni ndoo zenye mahali pake, palepale kila mara, zikiegemezwa ukutani. Ukamnyang'anya kazi yote kwa sababu ya ndoo moja iliyokaa vibaya.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Usingoje Jumatano. Kliniki aende, lakini aende akijua. Mpigie shemeji simu leo umwambie rafiki yake abaki na mashine yake. Halafu mwite mumeo bandani, asubuhi, kabla kiganja chake hakijaanza safari. Na usimsomee ukurasa huu kama ndio ungamo lako. Najua wazo hilo limeshakupitia, ni jepesi, unanifanya mimi nikuongelee huku wewe umejificha nyuma ya karatasi. Gazeti msomee jioni, lote, na ukurasa huu ukiwemo. Maneno ya asubuhi yawe yako.

Sema kwa mpangilio, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Ndoo ilikuwa moja. Nilitumbukiza mkono mara mbili usikie mbili. Nililifuta kavu kila asubuhi. Kuna mikwaruzo kwenye boneti, kwenye paa, na milango yote minne, na mingi zaidi iko upande huu. Uliponiuliza naona nini nilikudanganya. Mdogo wako alitaka lisuguliwe ukiwa kliniki. Usipunguze kitu, na usitie "lakini" popote. Usimwambie "nilifanya hivyo kwa ajili yako." Hiyo ni kweli, ila siku hiyo haitamsaidia yeye, itakusaidia wewe.

Kisha umuulize kuhusu Jumamosi, na ukubali atakachosema. Pengine atataka kulisugua kwa mkono mwenyewe, kipande kimoja kimoja, na wiki zilizobaki zinamtosha. Pengine atalipeleka lilivyo, awaambie wale mafundi wapya waliangalie juani wajue ndoo moja hufanya nini. Pengine atasema haendi. Ukimsikia anasema haendi utatamani kumbembeleza, kuwapigia watu simu, kupanga lingine nyuma ya mgongo wake. Acha. Siku ile ni yake, hata kuiharibu ni haki yake.

Atakasirika. Ningekudanganya nikisema atakukumbatia. Huenda akapaza sauti, huenda akanyamaza siku nne, na kunyamaza kwa mtu asiyeona ni kuzito, kwa kuwa hakuna hata jicho la kuliomba radhi. Jambo moja nakukataza kabisa: usilie mbele yake asubuhi hiyo. Najua machozi yako ni ya kweli. Lakini ukilia atakusikia, na mume mwema akimsikia mkewe analia ataacha yake aje kukutuliza wewe, na hasira yake itabaki haina mahali pa kwenda. Simama pale, ukauke macho, umwache aseme hadi amalize.